Kigoda cha Mlango wa Nne

Wanaobisha kwamba nchi ya Tarajia haipo ni watu waliopata watoto mapema. Waliochelewa wanaijua, na wengi wao wameshaikanyaga na kurudi kabla jirani hajauliza walikuwa wapi. Kwa hiyo hapa hatutapoteza wino kueleza njia ya kufika huko. Mwantumu Shekue wa Tanga alifika Jumanne asubuhi, akiwa na sanduku moja, miaka arobaini na mitatu, na fedha za kiwanja alichouza pamoja na mumewe, Hatibu. Fedha hizo zilitosha kujaribu mara moja. Mara ya pili haikuwapo, maana hawakuwa na kiwanja kingine.

Mwantumu alikuwa mkaguzi wa mizani. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amezunguka masokoni akiwanasa wauza nyama wanaobandika sumaku chini ya sinia na wauza mkaa wanaojaza majani katikati ya gunia. Kazi hiyo ilimwachia ugonjwa mmoja usio na dawa: akitajiwa kilo, lazima aulize imepimwaje. Hatibu alikuwa amemwonya siku ya kuagana. "Mke wangu, huko unakwenda kutafuta mtoto. Usiende kukagua." Mwantumu akaahidi, na alipokuwa akiahidi alikuwa mkweli kabisa.

Nchi nzima ya Tarajia inaishi kwa kazi moja, nayo ni kuwasaidia wanawake wapate mimba. Kila mji una Nyumba yake, jengo refu jeupe lenye milango minne ya ndani, mmoja nyuma ya mwingine. Mlango wa kwanza ni wa sindano, wa pili ni wa kutoa mayai, wa tatu ni wa maabara, mayai yanakokutanishwa na mbegu za baba, na wa nne ni wa kuweka kiinitete tumboni. Juu ya lango la nje la kila Nyumba kuna maneno ya shaba: SABA KWA KUMI. Maneno hayohayo yapo kwenye sarafu, kwenye mifuko ya sukari na kwenye sare za posta. Hata salamu yao ndiyo hiyo. Mmoja husema, "Saba kwa kumi," na mwenzake hujibu, "Nawe uwe miongoni mwao." Kwamba katika kumi wapo pia watatu, hilo halimo kwenye salamu.

Pale mapokezi Mwantumu alikutana na Bi Staraha, mama mnene mwenye sauti laini, aliyevaa kilemba cheupe na kushika kalamu ya wino wa kijani.

"Karibu sana, dada yangu. Umri?"

"Arobaini na mitatu."

Bi Staraha akaweka kalamu chini taratibu, akatazama kushoto na kulia. "Dada, hapa hatusemi hivyo. Wewe una miaka thelathini na miwili."

"Mimi?"

"Wewe, mimi, na huyo bibi aliyekaa pale dirishani. Ni Sheria ya Usawa wa Umri."

Akamweleza bila haraka. Zamani wanawake waliovuka arobaini walikuwa wakipokelewa kwa macho ya huruma, wakalalamika. Baraza la nchi, kwa moyo safi, likakusanya umri wa wanawake wote waliopita Nyumbani, likajumlisha, likagawanya, na kila mmoja akapewa jibu lililotoka. Tangu siku hiyo hakuna mzee Tarajia. Takwimu zote zinatolewa kwa umri huo mmoja, na kumwuliza mtu umri wake wa kuzaliwa ni kosa la faini.

"Na mayai yangu yana miaka mingapi?" Mwantumu akauliza.

"Mayai hayaandikwi kwenye fomu," akajibu Bi Staraha.

Lazima isemwe kwamba Mwantumu aliipenda sheria ile. Kwa nusu saa nzima alikuwa na miaka thelathini na miwili, na alipokwenda kunywa maji alitembea kama mwenye umri huo. Miaka minane alikuwa amekaa kwenye mabenchi ya madaktari waliokuwa wakitazama faili lake kabla ya kumtazama usoni. Hapa hakuna aliyemwangalia vile, na moyo wake ulituama.

Kisha akaiona bei. Ilichongwa ukutani: vipande mia mbili vya fedha kwa jaribio moja. Ule ugonjwa wake ukaamka.

"Na mtoto ni kiasi gani?"

Bi Staraha akashika kifua. "Astaghafiru! Mtoto hauzwi, dada!"

"Sijasema anauzwa. Sokoni muuzaji akinitajia bei ya fungu, natazama lina nyanya ngapi. Hapa mmeniandikia bei ya fungu. Nauliza tu ndani yake mna nini."

"Saba kwa kumi," wakajibu watu watatu kwa pamoja, mmoja wao akiwa mfagiaji.

"Saba katika kumi gani? Kumi waliohesabiwa wapi?"

Wengine wangekasirika. Bi Staraha hakukasirika, bali macho yalimng'aa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja kwenye meza ile na hakuna mtu aliyewahi kumwuliza swali hilo, naye siku zote alitamani aulizwe, maana jibu lake alilisomea. Akafunga meza, akamshika Mwantumu mkono, akampeleka kuona Kigoda.

Kigoda chenyewe ni cha mninga, cha kawaida, cha kukalia mtu mmoja. Aliyekikalia anaitwa Mwenye Kigoda, naye ni mtumishi wa serikali mwenye kiapo. Kazi yake ni kuhesabu wanawake wanaopita mlango alioketi, na hao ndio kumi. Siku ya kumi na nne baada ya kuwekwa kiinitete mwanamke hupimwa. Akionekana ana mimba, kengele ya uani hupigwa, na hao ndio saba. Kitu cha kushangaza ni mahali kigoda kilipowekwa. Hakikuwa lango la nje, wala mlango wa kwanza, wala wa pili, wala wa tatu. Kilikuwa mlango wa nne.

"Kilianza langoni," Bi Staraha akasimulia kwa fahari ya mwalimu wa historia. "Wakati wa bibi zetu. Hesabu ilikuwa mbovu, watu wakawa hawaji. Ndipo Baraza likajadili: je, mwanamke aliyepita lango tu, hajachomwa hata sindano, ameingia kweli? Wakaona hajaingia. Kigoda kikasogezwa mlango wa kwanza. Hesabu ikapanda kidogo, nchi ikachinja ng'ombe kwa furaha. Baadaye mjumbe mmoja akauliza: aliyechomwa sindano lakini mayai hayakukomaa, huyo naye ameingia? Kikasogezwa wa pili. Na hivyo hivyo. Kila kikisogea, tiba inakuwa bora zaidi."

"Tiba ndiyo iliyobadilika?"

"Tiba ni ileile, dada. Matokeo ndiyo yamekuwa bora."

"Na hao wanaoishia mlango wa kwanza au wa pili, wanakwenda wapi?"

Hao hutoka kwa mlango wa nyuma, Bi Staraha akasema, na sheria inawahesabu kuwa hawajafika Tarajia. Hufutiwa mhuri wa kuingia. Fedha zao hubaki, kwa sababu fedha zilifika.

Wakati wakizungumza daktari akatokea maabara, akamkonyeza Mwenye Kigoda. Yule bwana akainuka, akajinyoosha, akaenda kunywa chai. Mwanamke mmoja akapitishwa mlango wa nne haraka, kichwa chini. Mwenye Kigoda akarudi akifuta mdomo. Mwantumu aliuliza kulikoni, akaambiwa kwamba viinitete vingine huwa dhaifu, na Mwenye Kigoda ana haki ya kunywa chai kama mfanyakazi mwingine yeyote. Siku ile alikunywa vikombe tisa kabla ya adhuhuri.

Mwantumu alirudi chumbani kwake na ahadi aliyompa Hatibu ikimwasha. Kama ingekuwa mizani ya mtu mwingine angeiacha, alijiambia. Lakini kwenye sinia hili alikuwa ameweka kiwanja chao na nafasi yao ya mwisho. Alitaka kujua kitu kimoja tu, si zaidi: mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mwenye kutumia mayai yake mwenyewe, akianza mlango wa kwanza, anatoka na mtoto mara ngapi katika mia? Alimwuliza kila ofisa. Walimjibu kwa adabu kwamba mwanamke wa namna hiyo hayupo, maana wote wana thelathini na miwili.

Kwenye mizani ya soko, muuzaji akikataa kuonyesha jiwe lake, mkaguzi hazozani naye. Huzunguka nyuma ya kibanda kutazama magunia matupu. Mwantumu naye akazunguka nyuma ya Nyumba, na huko akaikuta sehemu ya kufulia.

Aliyekuwa akifua ni mwanamke mrefu aitwaye Zawena, na Mwantumu alimtambua papo hapo, maana picha yake ilikuwa kila ukuta wa nchi, na ilikuwa imefika hata Tanga: Zawena wa miaka arobaini na tisa, mtoto mapajani, na chini yake maneno, HATA WEWE. Ndiye mwanamke pekee Tarajia aliyeruhusiwa kuwa na umri wake halisi. Mtoto mwenyewe, binti wa miaka mitatu, alikuwa akikimbia katikati ya magauni yaliyoanikwa, akipigiwa kelele asiyashike.

"Shikamoo, dada Zawena. Mimi nimekuja kwa ajili yako," Mwantumu akasema. "Nilipoiona picha yako ndipo nilipomwambia mume wangu tuuze kiwanja."

Zawena akaacha kukamua. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Ndiyo maana sipendi kwenda mapokezi," akasema. "Kila siku anakuja mmoja ananiambia hivyo."

"Kwani si kweli?"

"Ni kweli. Mtoto ni wangu. Nimembeba miezi tisa, nimemzaa kwa uchungu, na akiumwa silali. Lakini yai halikuwa langu, mdogo wangu. Nilipewa na msichana wa miaka ishirini na minne, Mungu amlipe. Langu mimi walijaribu mara nne, mlango wa pili haukuvukwa."

"Mbona hawakuandika?"

"Nilitaka waandike. Wakaniambia ni kunivunjia heshima. Ajabu ni kwamba mimi sioni aibu yoyote, wao ndio wanaoona aibu kwa niaba yangu."

Mwantumu aliketi chini kabisa, kwenye sakafu yenye maji. Alisikia hasira, kisha hasira ikapita na kuacha kitu kizito zaidi. Miaka miwili alikuwa amelala na picha ile kichwani. Zawena akamshika bega, akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwuliza anataka nini hasa.

"Nataka kujua hesabu ya kwangu."

Zawena akacheka kidogo. "Basi umefika penyewe. Hesabu ipo hapa kwenye nguo chafu."

Sheria ya Usawa wa Umri ilikuwa nzuri mapokezi, akaeleza, lakini madaktari hawawezi kupima dozi ya sindano kwa umri wa bandia. Kwa hiyo kila mwanamke apewapo gauni mlango wa kwanza, mwaka wake halisi wa kuzaliwa hushonwa ndani ya pindo, mahali ambapo yeye mwenyewe hauoni. Wanaotumia yai la kupewa hushonewa pindo mara mbili. Kila mlango una gauni la rangi yake. Na kwa kuwa dobi hulipwa kwa kila gauni, Zawena alikuwa akiandika yote kwenye daftari, mwaka, pindo na rangi. Wanaorudi kujifungua gauni lao ni la manjano. Katika nchi iliyosogeza kigoda chake mara nne, hakuna aliyekumbuka kulisogeza daftari la dobi.

Walihesabu siku nne, mchana, mmoja akisoma na mwingine akichora mistari. Mwantumu hakuwa amefurahia kazi namna ile tangu alipokuwa kijana, na alijishangaa kwa kuifurahia. Katika miaka mitatu, wanawake waliovuka miaka arobaini na miwili, wenye pindo moja, walioanza mlango wa kwanza walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Mlango wa nne walifika mia moja hamsini na wanane. Waliopigiwa kengele walikuwa arobaini na mmoja. Magauni ya manjano yalikuwa kumi na matano. Wenye pindo mara mbili, wa umri huohuo, karibu nusu yao walivaa manjano.

"Watano katika mia," Mwantumu akasema.

"Hawatimii," Zawena akamsahihisha.

Bei ya mtoto mmoja kwa mwanamke kama yeye ilikuwa basi vipande elfu nne na zaidi, na yeye alikuwa na mia mbili na thelathini. Kwa mwanamke wa kweli wa miaka thelathini na miwili haikufika mia sita. Shaba ukutani iliwaandikia wote bei moja.

Habari haikukawia kufika. Siku ya tano Mwantumu aliitwa mbele ya Baraza la Kigoda, linaloongozwa na Bwana Nadhiri, mzee mwembamba mwenye miwani miwili, ya karibu usoni na ya mbali mkononi. Hawakumfokea. Walimpa kiti na chai, wakajadili kwa siku nzima, na mjadala wao ulikuwa wa dhati kuliko alivyotegemea.

Mjumbe wa kwanza alisema hesabu ile ni sahihi na ndiyo sababu isitangazwe, maana mwanamke mwenye hofu mwili wake hukaza. Wa pili alipendekeza iundwe kamati ya kuchunguza kama magauni yanaweza kutoa ushahidi. Wa tatu, aliyekuwa fundi seremala kabla ya siasa, alishauri kigoda kitiwe magurudumu ili kila mmoja akisukume atakapo. Bwana Nadhiri akawasikiliza wote, kisha akabadilisha miwani.

"Bibi Mwantumu, mimi nina binti," akasema. "Alipita milango hii mara sita. Kama ningemwambia watano katika mia, asingeingia hata mara moja. Wewe unaona ningemtendea wema?"

"Alipata mtoto, Mheshimiwa?"

Bwana Nadhiri akavua miwani na kuifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Ukimwuliza leo," Mwantumu akasema kwa upole, "atakwambia alitaka kuingia au alitaka kuambiwa? Inawezekana vyote viwili. Mimi nataka vyote viwili."

Ndipo mzee akatoa jambo alilokuwa nalo. Nchi za jirani zilikuwa zimeanza kunong'ona kuhusu Saba kwa Kumi. Mhuri wa mkaguzi wa mizani kutoka nje ungezinyamazisha. Ikiwa Mwantumu angegonga mhuri wake chini ya takwimu ile, ambayo kwa jinsi kigoda kilivyokaa si uongo, Nyumba ingempa majaribio matatu bila malipo, na kwa fedha zake angekikomboa kiwanja.

Hapo ndipo alipoumia kweli. Alipiga hesabu palepale, maana hakuweza kujizuia: majaribio matatu yalikuwa kama kumi na nne katika mia. Kumi na nne! Aliwaza mtoto. Alimwona hata nywele. Mhuri ulikuwa mkobani, na kuugonga ni kazi ya kitambo kidogo tu. Kisha akawaza wale mia tatu na kumi na wawili, na wanaokuja nyuma yao na viwanja vyao, wakisoma jina lake chini ya shaba kama yeye alivyosoma la Zawena.

"Siwezi," akasema. "Naomba nilipe nijaribu mara yangu moja. Ila nisihesabiwe thelathini na miwili."

Hata leo hajui kama alifanya vyema. Kuna siku anajisifu, na kuna siku anajiita mjinga kwa sauti kubwa akiwa jikoni.

Baraza likamruhusu ajaribu, kwa kuwa sheria haimkatazi mwenye fedha. Akaingia mlango wa kwanza akijua anachokijua, na jambo la ajabu, mwili wake haukukaza. Alichomwa sindano siku kumi na moja, Zawena akimletea uji. Mlango wa pili yalitoka mayai sita. Mlango wa tatu mayai mawili yalikutana na mbegu, na siku ya tano kikabaki kiinitete kimoja. Alipofika mlango wa nne alimtazama Mwenye Kigoda kwa jicho la wizi. Yule bwana alikuwa ameshika kikombe, lakini kilikuwa kitupu, na hakuinuka. Aliketi palepale na kumhesabu. Mwantumu aliyejua hila zote za kigoda kile alifurahi kuhesabiwa.

Siku ya kumi na nne kengele ililia.

Ililia kwa ajili yake, mara saba kama ilivyo desturi, na uani wanawake wasiomjua wakapiga vigelegele. Bi Staraha alimkumbatia hadi kilemba kikaanguka. Mwantumu alimpigia simu Hatibu akashindwa kusema, na Hatibu akaelewa kwa kule kushindwa kwake. Kwa wiki tano alijihesabu mmoja wa watano katika mia. Alizungumza na tumbo wakati wa kuoga. Alichagua jina, na hilo hajamwambia mtu.

Wiki ya tisa mimba ilitoka, Alhamisi, mchana kweupe, bila kosa la mtu yeyote. Daktari alikuwa mwema naye akakaa mpaka mwisho. Zawena ndiye aliyelichukua gauni, akaliosha peke yake kwa mkono.

Siku ya kuondoka Bi Staraha alikuja na karatasi ya kutia saini. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya. Juu ya karatasi iliandikwa jina la Mwantumu, umri miaka thelathini na miwili, na mbele yake neno moja: AMEFAULU.

"Nimefaulu nini, Bi Staraha?"

"Kengele ililia, dada. Wewe ni katika saba. Hesabu ikishaingia haitoki." Akamshika kiwiko, akaanza kumwelekeza kwenye ukumbi wa nyuma. "Tupitie huku, kuna kivuli. Huko mbele kuna wageni wapya, watakuona unalia."

"Kama nimefaulu, kwa nini nitokee nyuma?"

Swali hilo Bi Staraha hakulisomea. Akauachia mkono wa Mwantumu.

Mwantumu akalichukua sanduku, akapita katikati ya ukumbi wa mbele hadi lango kuu, ambako kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa ametoka bila mtoto. Penye benchi la kusubiri walikuwa wamekaa wanawake kama ishirini. Wa mwisho alikuwa na mvi mbili tatu pembeni mwa uso, na mkoba ameukumbatia kama mtu aliyebeba fedha zake zote.

"Umepata, dada?" akauliza, akitazama mikono ya Mwantumu.

"Amepata," mlinzi wa lango akadakia kwa furaha. "Kengele yake niliisikia mwenyewe."

"Sikupata," Mwantumu akasema.

Benchi zima likageuka. Neno hilo halikuwa limewahi kusemwa langoni, na mlinzi akatazama huku na huku kutafuta wa kumwuliza afanye nini. Yule mwenye mvi hakulia wala hakukimbia. Alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Mimi nina arobaini na minne," akasema kwa sauti ya chini. "Kaa, mwenzangu. Hebu niambie."

Mwantumu akaweka sanduku chini, akaketi, akaanza kumweleza tangu mlango wa kwanza.